Mkia wa Meja

Saluni ya Beldina,
Kimulot Sokoni,
Konoin.
27 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Calvince,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii imekukuta mzima, kikohozi kimeisha na joto la Doha halijakumaliza. Sisi tuko. Mama sasa anatembea ndani ya nyumba bila mkongojo, nje bado. Ayoo hana homa, hana malaria, lakini anakula nusu ya alichokuwa akila, na hiyo nusu ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Utauliza kwa nini karatasi na simu iko. Simu yangu binti yako Ayoo anaijua kuliko mimi. Kila sauti unayotuma anaisikiza mara nne kabla mimi sijasikia hata moja. Kwa hivyo nimempa Joab bahasha hii mkononi, kwa vile anarudi huko Doha Jumanne, nikamwambia asikupe mbele ya watu. Keti kwanza.

Habari za hapa ni zile zile. Chai imedumaa kwa ukungu, wachumaji wanarudi na vikapu vyepesi, na mchumaji mwenye kikapu chepesi hasuki nywele. Bado tunajikaza.

Sasa Meja. Wewe labda umesahau hata jina. Ni yule samaki wa bluu uliyemnunulia Ayoo Kisumu wiki uliyoondoka, wale wanaoitwa beta, mwenye mkia na mapezi marefu kama gauni la bibi harusi. Ulimwekea mtoto tangi mikononi ukamwambia, "Ukimtunza huyu, nitarudi nimkute hai." Nilikuwa nimesimama hapo na begi lako. Nikaona ni maneno ya safari. Mtoto hakuyachukua kama maneno ya safari. Aliyachukua kama kiapo.

Mwezi wa sita baridi ilikuwa kali. Maji ya Meja nyumbani yalikuwa yakifika digrii kumi na tisa asubuhi, na samaki huyu anataka ishirini na tano kwenda juu. Hita tunayo, lakini stima ya huku unaijua, inapotea kila mara. Nikaona nimpeleke saluni, ambako jiko la maji ya kuoshea nywele linawaka kutwa, na jioni ninamfunika blanketi. Nikamweka kwenye rafu, katikati ya vile vioo vyangu viwili vikubwa vinavyotazamana.

Wateja walimpenda. Kutwa alikuwa akitanua mapezi na kufura mashavu kama mlevi aliyetukaniwa mama. Watu walicheka, na mimi nikacheka. Nikasema hili ni tangazo la bure.

Wiki ya tatu nikaona mkia umetoka vipande, umebaki na mapengo ya duara kama mkate ulioumwa. Nilijua kuna ugonjwa wa kuoza mapezi, unakula pole pole mpaka unafika mwilini, na ukifika mwilini ni kwisha. Chepkosgei anayetuletea maziwa akanishauri nitie chipukizi la chai, eti hakuna kitu chai haiponyi. Nikamwambia kwa mbolea tunayomwagia hii chai, itamuua kabla ya ugonjwa kufika. Nikawa nabadilisha theluthi ya maji kila siku. Maji yalikuwa safi kuliko ya kunywa, na bado kila asubuhi mkia ulikuwa mfupi kuliko jana.

Kisha nikamwona. Nilikuwa naosha nywele za Jentrix, mwalimu wa Ayoo. Meja alijipinda ghafla kama mbwa anayefukuza mkia wake, akauma, akatema kipande cha bluu. Hakuna aliyemuuma, alijiuma mwenyewe. Vidole vyangu viliganda kichwani mwa mtu.

Nikampigia yule muuza samaki wa Kisumu. Hakuuliza chakula wala dawa, aliuliza tu hapo alipo anatazama nini. Nikainua macho, nikamwona Meja, na kwenye kioo Meja mwingine, na nyuma yake mwingine, mpaka mwisho wa macho.

"Mama, huyo anapigana na majirani wasioisha," akaniambia. "Na mkia wenyewe ni mzito kuliko nguvu zake. Akichoka kuuburuta, anaukata."

Siku hiyo hiyo nilimhamishia stoo ya nyuma, karibu na jiko, nikabandika katoni pande tatu za tangi. Nikadhani nimemaliza.

Lakini wiki hiyo ya mapengo, Ayoo alikuwa akitoka shule anaingia saluni bila kusalimu mtu, anaenda moja kwa moja kwa tangi. Siku moja akaniuliza kwa sauti ndogo, akiniita Waya kama sisi tulivyomwita dada ya baba: "Waya, leo Baba amekatwa wapi?"

Nikamuuliza anasema nini. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mjinga hesabu. Kipande kinachotoka kwa Meja kinatoka kwako, huko juu unakoning'inia kwa kamba ukiosha madirisha ya maghorofa. Calvince, na hiyo ndiyo ile wiki ulikaa siku mbili bila kushika simu. Kwako ilikuwa shida ya chaja. Kwangu ilikuwa mtoto ameketi kwa simiti, amekataa uji, kiganja kiko kwenye tangi, hataki kupepesa macho.

Ukapiga simu siku ile ile Meja alipoacha kujiuma. Umeelewa? Sasa mkia unaota upya, ukingo mwembamba mweupe kama nailoni, na Ayoo anaruka akisema Baba anapona. Kila mtu anafurahi. Mimi ndiyo naogopa zaidi, kwa sababu sasa mtoto ana ushahidi.

Piga hesabu na mimi. Ulipomnunua alikuwa karibu mwaka mmoja. Muuzaji anasema wengi wao hawavuki miaka mitatu, wa minne ni wa neema. Kandarasi yako ilikuwa iishe Novemba hii, ukaongeza miaka miwili, ukaniarifu kwa mstari mmoja katikati ya mzaha na picha. Ukishuka kwa ndege Meja atakuwa na miaka mitano. Nimejumlisha mbele, nimetoa nyuma. Hata mkia wote ukirudi, hafiki.

Chepkosgei anasema ninunue mwingine wa rangi hiyo kimya kimya. Nilienda Kisumu. Nilimpata, bluu ile ile. Nikasimama hapo mpaka muuzaji akauliza anifungie, nikaondoka mikono mitupu. Ayoo atamjua tu. Na akinishika, ataamini kwamba umekufa na mimi nimemficha.

Nina uchungu, sitakuficha. Nilianza saluni hii na kiti kimoja na beseni, hakuna aliyenitunzia ahadi yangu hata moja. Yako nimeilisha karibu miaka miwili. Lakini hii si kazi ninayoweza kukufanyia.

Jumapili baada ya kanisa piga simu, usitume sauti. Mwambie kwa kinywa chako kwamba ulisema upuuzi, samaki ni samaki, siku yake ikifika atakufa, na siku hiyo wewe utashuka kazini jioni ule chakula kama kawaida. Mwambie pia ile miaka miwili, kwa maana yeye bado anasema Novemba. Atalia. Mwache alie ukimsikia, usikate ukasingizia netiwaki. Nitakuwa nimempakata.

Nikimwambia mimi peke yangu, siku Meja atakapoelea juu hatanisikia. Atakaa ananitazama tu, akingoja nimwambie maiti yako inafika lini.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Aron na wa kwake huko Soin wanakusalimu. Nisalimie Bethwel unayeishi naye.

Mungu akushike kila asubuhi ukipanda, na akushushe kila jioni ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye, hata leo nikiwa na hasira,

Beldina Aluoch