Kijito Kimefika Kwenye Bafu la Mkamwana

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila huruma baki nayo. Mimi ni Keraryo wa Kamunyonge, kalamu siijui, anaandika mke wangu Wegesa huku anacheka. Hapa mtaani kulikuwaga na kijito kinashuka ziwani, mimi nilivuaga samaki, ningu, humo kwa kofia, bisha uone, halafu miaka ile ya shida watu wakakijaza takataka, wakafukia na mawe, wakajenga juu, mvua ikinyesha tunalala na maji ndani, mwaka huu nikasema imetosha, nikaamsha mtaa mzima, tumefukua kuanzia ziwani tunapanda, matete yameshaota, ndege wamerudi, watoto wanacheza kwenye nyasi, na kila aliyejenga juu nilimwambia bomoa, hata Hamduni fundi bati nilimcheka mpaka akang'oa banda lake mwenyewe, sasa kumbe kijito kinapita chini ya bafu la Lukresia, mke wa mwanangu, na wewe unajua kwetu Mara mzee hasogelei bafu la mkamwana, hata kupita nyuma yake ni aibu, Hamduni naye ananipigia kelele mbele za watu, "Mzee Keraryo, banda langu ulilicheka, leo sururu imekuwa nzito?" na Lukresia kamwambia mke wangu, "Baba akigusa bafu langu, narudi kwetu Butiama," na mvua ndo hizo zinakuja, mimi kurudi nyuma sirudi, kijito kitapita, ila mkamwana nampenda, nifanyeje?

*

Mzee Keraryo, shikamoo. Ningu wa kofia nimewameza hivyohivyo na miba yao. Kwa kijito hongera, usirudi nyuma hata kidogo. Lakini mdomo wako umekuponza. Umehutubia mtaa mzima, huyo binti ataogea wapi hujauliza. Mila inakukataza kusogea pale, kumtuma mama mkwe wake haijakukataza.

Mtume Wegesa leo. Lukresia achague mwenyewe bafu jipya likae wapi, na mlango ufungwe kwa ndani. Mwanao ajenge. Wewe nenda kwa Hamduni, umwombe radhi kwa kile kicheko, halafu umwombe aezeke. Akikutania, vumilia, umeyataka.

Bafu jipya likisimama, sururu ya kwanza kwenye lile la zamani apige Lukresia. Siku hiyo, mzee wangu, kaa kule chini ziwani, ufunge mdomo, usubiri maji yakufikie.