Siku Uliyonitoa Ngazija

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo huko uliko. Ulipenda kuniita mwoga mbele ya watu, nami sikuwahi kubisha. Lakini hofu niliyoipata kisiwani kwenu Ngazija, kule baba alikokutoa akakuleta Temeke, sikukusimulia mpaka tukakuzika.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali imefungulia biashara, Temeke nzima inauza kitu. Ukanipandisha melini pamoja na magunia yako ya vitunguu, ukasema tunakwenda kufanya biashara na kumsalimu dada yako. Niliamini. Hata nilipoiona pwani yenyewe, mawe meusi yenye ncha yaliyotapikwa na volkano zamani, mchanga hakuna, upepo unataka kukuvua nguo, bado niliamini.

Siku ya pili niko jikoni nakuna nazi, nikamsikia mama mkubwa ukumbini.

"Niachie huyu binti. Mie Mungu kanijaalia wanaume watupu. Nyumba ya mama yetu ataikaa nani?"

Kwenu nyumba ni ya mwanamke, na hurithiwa na binti. Ulinieleza mwenyewe melini, tena kwa fahari. Nikaiacha nazi.

Ukamwambia mkazungumzie nje. Mkatoka nyie wawili mpaka kwenye mawe, majirani wasisikie. Niliwafuata kwa mbali. Mawimbi yalipasuka juu kuliko vichwa vyenu na upepo ukachukua kila neno. Niliona tu kidole cha mama mkubwa kikininyooshea mimi. Kichwa chako nacho kilikuwa kikitikisika, nisijue unakubali au ni ushungi unaopeperushwa. Nilikuwa ndio kwanza nimevunja ungo, mama, na nilijua naachwa. Sijaogopa vile tena.

Ukarudi umelowa chapachapa. "Kafunge mzigo."

"Nihamie chumba gani?" nikauliza huku nalia.

"Chumba gani? Tunarudi kwetu Temeke. We mtoto una wazimu?"

Nilikukumbatia mpaka ukanisukuma. Dada yako hakutusindikiza, na hakukuletea salamu tena maisha yako yote. Hukulalamika hata mara moja. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba siku ile, kwa ajili yangu, ulimpoteza dada na nyumba ya mama yako.

Sasa sikiliza. Juzi mama mkubwa amepiga simu. Amezeeka, sauti inakatikakatika. Amesikia nina binti, mjukuu wako Zuhura, na anamtaka akaikae ile nyumba. Jibu nilikuwa nalo tayari, lile lile lako. Nikamwita Zuhura nimweleze, nimeshajiandaa kumbembeleza asiogope.

Akauliza, "Meli inaondoka lini?"

Sijalala vizuri tangu hapo. Anakunja nguo zake huku anaimba, mimi nimekaa barazani nakuandikia. Mimi ulinitetea kwa sababu ulinijua mwoga. Huyu haogopi, mama. Mtoto asiyeogopa anatetewaje?

Pumzika salama.

Ni mimi, mwanao uliyerudi naye.