Maoni ya Malcolm Kuhusu Bunduki Yetu

Washwood Heath, Birmingham
Jumamosi alasiri

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Naliweka mbele ya salamu kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Malcolm ni mimi. Yule mzungu uliyesema kwenye simu aje Voi umwonyeshe bunduki ni nini, hayuko. Nilimtunga mimi, nikiwa kitandani na simu yangu.

Sasa shikamoo, Baba. Natumaini goti limepoa tangu wewe na askari wenzako wa wanyamapori mlipowafukuza wale ndovu shambani mwa watu. Mdogo wangu Mwakio je, bado anatoa maharagwe moja moja kwenye githeri abaki na mahindi tu? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, anasema ni baridi ya kungoja basi. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yetu huwa kwenye spika, na kwenye spika mimi huwa sina maneno, unajua. Aunty Joyce wa kanisani anakuja huko wiki ijayo, amekubali kuibeba barua hii.

Baba, wewe huoni Mama anavyokaa mkianza yale mambo yenu ya maoni. Mimi huona. Tangu tuje huku hanunui kitu kabla hajakusomea mtandaoni waliokinunua wanasema nini. Birika, pasi, koti langu la shule, vyote vilipita kwako. Anavua viatu, anaweka miguu juu ya kiti, anasoma Kiingereza kimoyomoyo halafu anakutolea kwa Kiswahili, na nyinyi wawili mnawajadili wale watu kama majirani wa ploti moja.

"Yule mama wa Leeds anasema birika linavuja."

"Huyo mama wa Leeds ni mlalamishi. Hata pasi aliilalamikia."

Mnacheka. Mimi niko mezani nafanya homework, na hiyo ndiyo sauti ya nyumbani niliyobaki nayo.

Bunduki ndiyo mliyoijadili kuliko vyote. Shule ilipotupeleka klabu ya shabaha huko Perry Barr, nikaonekana naweza, ulifurahi sana. Halafu ukamwambia Mama achukue ya upepo, ya bei ya chini, mtoto ajifunze mkono kwanza. Mama alitaka ile ghali.

"Huyu anasema plastiki yake inalia kama debe," akakusomea.

"Debe haliharibu shabaha. Muulize kama inashika kutu."

"Baba Wakesho, namuulizaje? Hayuko hapa. Ni maandishi."

"Basi tafuta mwenye kutu."

Mwenye kutu akapatikana, akasema ukiipangusa mafuta haina neno. Mkanunua. Kwa sheria ya hapa ni ya Mama, mimi sijafika umri. Anaifungia kabatini na ufunguo anakaa nao yeye, na klabuni sifyatui bila msimamizi kuwa nyuma yangu.

Wenzangu klabuni wana za kitako cha mbao, zinang'aa kama meza ya mchungaji. Siku moja kijana anayeitwa Callum alinipitishia yangu, akagonga kile kitako cha plastiki kwa kidole kama mtu anayebisha mlango. Akauliza, "Kuna mtu humo ndani?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Mpaka leo kicheko chao hakiniumi kama changu. Zamu yangu ilipofika nilifyatua harakaharaka ili nimalize, risasi zikatawanyika kwenye karatasi kama dengu zilizomwagika. Callum akanionea huruma. "Ni bunduki," akasema, "si wewe." Ile huruma nikaipokea, nikaenda nayo nyumbani.

Jioni nikafungua ule ukurasa Mama anaousoma. Msichana kama mimi nani atamsikiliza, nikajifanya mzee anayeitwa Malcolm, aliyemiliki bunduki miaka thelathini. Nikaandika haina shabaha, triga nzito, ni takataka. Halafu nikaongeza maneno ambayo sijui yalitoka wapi ndani yangu. Mzazi anayemnunulia mtoto bunduki hii, nikaandika, hampendi mtoto huyo.

Watu wakamshukuru Malcolm. Wakaanza kumuuliza maswali, mafuta gani, darubini gani, na mimi nisiyenyanyua mkono darasani nikawajibu wote. Nilikuwa na raha, Baba. Hilo nalo lazima ulijue.

Sikufikiri Mama angeyaona. Nani anasoma maoni ya kitu alichokwisha kununua? Kumbe Mama husoma. Nadhani anapenda kuona wengine wakisifu alichokichagua. Jumapili ile ulimsikia mwenyewe, alikuwa anakusomea huku anacheka, akamfikia Malcolm. Alitafsiri mpaka katikati ya yale maneno, sauti ikashuka, akayamaliza polepole. Mimi nilikuwa hapo hapo mezani, nimeshika kalamu.

"Huyo hajui kitu," ukasema. "Aje Voi nimwonyeshe bunduki ni nini."

"Miaka thelathini, na hajui kitu? Nani aliyesema tuchukue ya bei ya chini?"

"Mama Wakesho, mimi nimebeba bunduki porini tangu hujanijua."

"Za serikali. Hukuzinunua wewe. Na hukumnunulia mtoto."

Nilikusikia ukivuta pumzi. Ukasema mtandao unasumbua, ukakata. Mtandao haukuwa unasumbua.

Tangu siku hiyo simu zenu ni za hujambo na karo ya Mwakio. Mama amechukua zamu za Jumamosi kule anakowatunza wazee ili aninunulie ile ghali. Juzi pasi iliungua. Tulienda Coventry Road, akaingia dukani, akachukua pasi ya kwanza aliyoiona, akaitia kikapuni. Simu hakuitoa mkobani. Nilisimama nyuma yake kwenye foleni nikiangalia ile pasi, na hapo ndipo nilipojua nimevunja nini.

Bado kuna jambo. Msimamizi wetu ni Mzee Gurdev, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, na hunisemesha Kiswahili chake wengine wasisikie. Wiki iliyopita alichukua bunduki yangu, akaigeuzageuza, akakaza skrubu za darubini, akapiga. Matundu yakashikana yote.

"Bunduki iko mzuri," akaniambia. "Wewe tu iko na haraka. Iko mjinga moja kwa internet, Malcolm, naharibia watu roho. Kukaza skrubu yeye hapana jua."

Nikamwambia, "Ndiyo, Mzee." Hilo tu.

Yale maandishi sijayafuta. Nikiyafuta Mama atadhani Malcolm ameondoka zake na alichosema kilikuwa kweli. Nataka ajue kwanza ni nani.

Sasa sikia maoni ya mwenye bunduki hasa. Plastiki inalia kama debe, aliyesema hakudanganya. Triga ni nzito mpaka kidole kizoee. Skrubu za darubini hulegea, kwa hiyo ukaze kila unapoitoa. Kutu sijaiona. Inapiga pale unapoilekeza, na siku nisipotulia inaonyesha hivyo hivyo kwenye karatasi, hainifichi. Mlichagua vizuri, Baba. Mlichagua wote wawili. Na lile neno la mtoto kutopendwa, niliandika nikiwa nimevaa koti mlilolijadili wiki mbili.

Mwombe Mama asifanye tena Jumamosi. Ile ghali siitaki. Lakini usimwombe kabla hujazungumza naye vizuri. Anza hata na pasi, muulize walioinunua wanasemaje.

Nisalimie Nyanya, mwambie dawa yake ya kikohozi Mama bado anaitumia. Shangazi Mghoi fundi wa cherehani, mwambie sketi aliyonishonea bado inanitosha, niliachia pindo. Mwakio mwambie dada yake si hodari kama anavyowaambia wenzake, ila anajaribu.

Nasikia mlango wa chini. Ni Mama, amerudi. Kila nikianza barua hii huwa nasikia anapanda, naisukumia chini ya kitabu cha kemia, na kesho yake naanza upya. Amefika kwenye ile ngazi inayolia. Ananiita, anauliza kama nimekula.

Kitabu cha kemia nimekiweka sakafuni. Karatasi iko mezani, upande wenye jina la Malcolm juu. Baba, huenda barua hii isimngoje Aunty Joyce. Huenda Mama avue viatu, aweke miguu juu ya kiti, akupigie akusomee yeye mwenyewe, na mnijadili mimi kama mlivyomjadili yule mama wa Leeds. Msinihurumie. Ila mjadiliane.

Mwanao,
Wakesho