Kapasita za Moiben

Baba mpendwa,

Wiki jana nilirudi Moiben, kwenye kinu cha unga cha Mama Njeri, mara ya kwanza tangu tukuzike. Huko ndiko nilikosikia ulichonificha.

Siku ile unaikumbuka. Mota ya kinu ilikuwa ikivuta nguvu nyingi isiyosaga hata punje, nasi tukaitwa kufunga kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi stima, ziibebe nguvu hiyo. Hesabu yake ulinifundisha wewe, mezani kwetu Langas: igawanye nguvu hiyo kwa mbili pai, kwa mizunguko hamsini kwa sekunde ya stima yetu, kisha kwa volti zilizozidishwa kwa zenyewe. Lakini nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, kichwa kimenivimba. Nikaandika volti mia mbili arobaini.

Ukasema polepole, "Akinyi, hizi tunafunga laini kwa laini, si kama stima ya nyumbani. Ni mia nne kumi na tano. Na volti inaingia mara mbili, ukikosea hapo umeharibu yote."

"Baba, wacha hesabu. Wewe shika spana."

Wafanyakazi walicheka. Ukainama, ukashika spana.

Kapasita nilizoagiza zilikuwa kubwa mara tatu, na fiuzi zikaanza kuungua. Kumbe ulirudi peke yako ukabadilisha kapasita hizo, mimi ukaniambia ulipita tu kukaza nyaya. Tangu hapo Mama Njeri akawa ananiita mimi, si wewe, na majirani zake vilevile. Nilidhani uzee umekufanya upende kukaa nyumbani.

"Pole ya msiba, Engineer," aliniambia wiki jana. "Mzee alikuwa mtu wa maana. Ni hesabu tu ilimshinda. Fiuzi zilipoungua alikuja hapa mwenyewe akasema ati ulimwonyesha vizuri, yeye ndiye akakataa kusikia."

Nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kunyamaza, Baba, na hakuna ambaye angejua. Nikamwambia mbele ya watu wake wote, "Mama, si yeye. Ni mimi nilikosea. Mzee alikuwa sawa."

Akazima kinu.

"Kwa hivyo miaka hiyo yote nilimwacha bure?"

Tangu siku hiyo naona tu vile ulivyokuwa ukikaa mlangoni asubuhi, umevaa ovaroli safi, simu mkononi, na mimi nikikupita nikikuaga, naenda kwenye kazi yako.

Nisamehe. Pumzika, Baba.

Kifungua mimba wako,
Akinyi