Dume Lililosimama Zizini

Dada Bhoke,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikangoja kidogo, kwa mazoea, uniitikie kisha uniulize swali lako la kila asubuhi: "Marwa, leo unagombana na nani?" Leo nagombana na shule nzima, Dada, na nimeshindwa.

Tangu tukuzike Kisaka, vipindi vyako vya Fizikia vya kidato cha tatu nimepewa mimi. Kwenye meza yako anakaa mwalimu mgeni wa Jiografia, kijana mwenye adabu. Nimejaribu kumchukia nikashindwa. Koti lako la maabara bado linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha walimu. Kila mtu anapita kama halioni.

Tumemaliza mada ya momenta. Unalikumbuka swali lako. Dume la ng'ombe limesimama tuli zizini, ndama anakimbia kwenda mtoni: nani ana momenta kubwa zaidi? Kila mwaka darasa lilichagua dume, na kila mwaka ulicheka kama umesikia kwa mara ya kwanza. Watoto hawa wamechunga. Wana fasili kichwani, tungamo kuzidisha kwa mwendokasi, wanaiimba bila kukosea, halafu wanakuambia kwa Kiswahili, na Kikurya kikichungulia katikati, "Mwalimu, dume likisimama hivyo ujue linakuja." Nawe unawajibu, "Likija tutalihesabu. Sasa hivi limesimama, momenta yake ni sifuri."

Mimi nilikuwa nalalamika kwamba unapoteza kipindi kizima kwa swali moja. Ukaniambia kuna mtoto anayechagua dume kwa kuwa ameangalia uzito tu, na kuna anayelichagua kwa kuwa anaogopa litakachofanya. Wote wamekosa, lakini ugonjwa wao si mmoja, na ukiwapa dawa moja utamponya mmoja na kumwacha mwingine. Ndiyo maana chini ya kila swali lako kulikuwa na maneno mawili: Toa sababu. Na sababu uliipokea kwa lugha yoyote mtoto aliyokuja nayo.

Wameyafuta, Dada.

Jaribio la safari hii lilikuwa la kuchagua herufi tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Swali la dume wameliweka, eti kwa heshima yako. Mwalimu wa taaluma alilitangaza hivyo kikaoni na watu wakainamisha vichwa. Kisha wakakata mkia wake ili usahihishaji uwe wa haraka. Heshima gani hiyo? Ni kama kumchinja ng'ombe wa mtu halafu kumsifia pembe.

Unamkumbuka Matinde, yule msichana wa Matongo anayekaa kwa shangazi yake hapa Morotonga, aliyekuwa akikusumbua kwa maswali hadi kwenye chai. Alichagua dume. Pembeni mwa karatasi, mahali ambapo hakuna aliyemwomba kitu, akabana mwandiko wake: "Kwa sababu likisimama ndipo linajiandaa." Nilipoisoma nilisikia sauti yako. Huyu anajua kwamba kitu kinakuja. Hajajua bado kwamba momenta haihesabu nia. Kumbakiza kwako darasani dakika chache kungetosha. Nilichoruhusiwa kumpa ni alama ya kosa.

Na kosa safari hii halikuishia kwenye karatasi. Mkuu wetu mpya anataka wastani upande, hivyo walioanguka wameambiwa waache Fizikia. Majina yalisomwa mstarini, mbele ya wadogo zao. Matinde alikuwemo.

Nilisimama kikaoni. Unanijua nikisimama. Nilisema jaribio ni la kumwonyesha mwalimu pa kuanzia kesho, na kwamba sisi tumelifanya panga la kukatia watoto ili takwimu zetu zing'ae. Nilisema shule inayoogopa sababu za wanafunzi wake inaogopa kugundua kwamba haikufundisha. Nikataja nchi za watu na vitabu vya watu, ule ugonjwa wangu wa kusoma kila kitu. Mkuu akanisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwalimu Marwa, hapa ni shule, si gazeti." Wakacheka. Zamani wakicheka hivyo, wewe ndiye uliyekuwa ukiomba nafasi baada yangu, ukasema yale yale niliyosema, kwa sauti ya chini, nao wakakubali. Nilikaa nikitazama mlangoni, kwenye koti. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Juzi jioni nilimkuta Matinde njiani akitoka shule. Amenunuliwa daftari la somo alilohamishiwa. Akanisalimia, tukaongozana, kisha akauliza bila kuniangalia: "Mwalimu, lile dume likiwa linakimbia, halafu likasimama, ile momenta yake inaenda wapi?"

Dada, huyo ndiye tuliyemwambia hawezi Fizikia.

Nilimwambia inaingia ardhini, kupitia kwato. Dume linapojizuia linaisukuma ardhi mbele, na ardhi inaipokea yote, hakuna kinachopotea. Akauliza mbona hatuioni ardhi ikisogea. Nikamjibu kwamba inasogea, ila ni kubwa mno, na sisi ni wadogo mno, hatuwezi kuona. Akasimama, akaipigapiga kwa kisigino. "Basi imesogea," akasema, akaendelea na safari. Mimi nilibaki pale pale. Nilikuwa nawaza Kisaka, ule udongo mwekundu, na wewe uliyekuwa huwezi kukaa chini hata kipindi kimoja.

Usajili wa mtihani wa kidato cha nne bado haujafika. Ndiyo nafasi pekee iliyobaki ya kumrudisha Matinde kwenye Fizikia, na ni nyembamba. Ninakuahidi hivi: Matinde atasoma momenta na yote yanayofuata, baada ya vipindi, kibarazani kwangu kama maabara watamfungia, na siku ya kuandikisha majina nitakuwa mlangoni mwa mkuu kabla hajafungua ofisi. Sijui kama atakubali. Nitajaribu kusema kwa sauti ya chini.

Na jaribio lolote litakalopita mikononi mwangu, hata likitoka kwao likiwa na herufi tupu, nitaandika kwa chaki ubaoni maneno yako mawili.

Pumzika, Dada Bhoke. Ardhi imekupokea yote.

Mdogo wako,
Marwa