Kitambaa cha Shangazi

Mdogo wangu mpenzi,

Huku hatujambo. Cherehani imepata mkanda mpya, na jirani bado anaongea kama redio. Gauni la mwanao nimelimaliza. Kola ilinitoa jasho.

Unakumbuka shangazi alivyokuwa akitufunga macho kwa kitambaa kila tulipoharibu mshono? "Shoneni kwa vidole! Mungu hakupi kazi asikupe nyenzo." Tulinuna, tukambandika jina la Askari.

Daktari amesema macho yangu hayatarudi. Usilie. Gauni hilo nimelishona sioni hata uzi. Likague, ukikuta mshono umekwenda kombo, nicheke. Kumbe Mungu alikuwa ananiandaa, nami nikidhani naadhibiwa.

Ukiona wino umechuruzika, ni machozi ya jirani anayeniandikia. Mimi nina gauni jingine la kushona.

Dada yako, fundi vilevile