Foto Tatu za Kalunguta

Yaya Masika, mukubwa wangu,

Jambo kwako na kwa batoto. Hapa Beni kuna amani kabisa. Kila mutu mwenye bunduki ananihakikishia.

Juzi nilipopita Kalunguta nilipanda kilima na appareil yangu ya foto. Bonde lilikuwa pana, donc nikalipiga foto tatu, kushoto, katikati na kuume, ili ukizipanga pamoja ziwe foto moja ya kutundika ukutani kwako, salon.

Nilipozisafisha hapa mujini, komanda mumoja akaniita bureau. Aliziangalia polepole kama mutu anayependa sanaa. Ya kushoto ilikuwa na daraja. "Hii ni siri ya vita," akasema, akaitia mufukoni. Ya kuume ilikuwa na basoda babili na bunduki zabo kwenye barière ya njia, banakula ndizi za batu. Hiyo pia siri. Ya katikati akaigeuza mara mbili, akakosa siri.

"Kamata yako. Hii hapana kitu. Ni batu tu."

Basi ninakuandikia mugongoni mwa hiyo foto. Geuza, Yaya. Kati ya hao batu tu banaokimbia na matela ya kulalia kichwani, yule mwenye beseni ya bluu na kuku ndani ni mama mudogo Kahindo, munayemulilia huko Butembo mukisema amekufa. Hata mimi pale kilimani sikumuona. Nilikuwa busy na mwangaza. Alikuwa anashika njia ya Butembo, anakuja kwako.

Mungu abalinde. Tengeneza kitanda, na viti vya matanga urudishe kwa majirani kabla hajaviona.

Mudogo wako,
Paluku